Kidole cha Kwanza

4 Agosti

Kwa Dada Muuguzi,

Shikamoo. Bibi mzima, nyumba nzima, na mimi si mzima tu, mimi ni mtumishi wa serikali. Rudia kusoma hapo kama hujaamini. Yule mdogo wako aliyeacha shule kidato cha pili, yule uliyesema ataishia kupiga debe stendi, sasa ni karani wa sensa. Nina kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, begi la turubai, boksi zima la chaki, na kofia. Kofia inanipwaya kidogo, lakini cheo kimenikaa sawasawa.

Kinachonichekesha ni hiki. Unakumbuka ulivyokuwa ukinichapa vidole na rula nikiwa na miaka sita, eti nahesabu vibaya? Nikianza tu kuhesabu, paa! Nikianza tena, paa! Haya, leo serikali nzima imekaa kwenye viti inanisubiri mimi nihesabu. Msamaha wako naupokea hata kwa barua.

Kazi yenyewe ni hivi: unabisha hodi, unajaza dodoso lenye maswali ishirini na mawili, kisha unaandika namba kwa chaki juu ya mlango ili nyumba isihesabiwe mara mbili. Yote mepesi isipokuwa safu ya saba, ASILI. Maelekezo yanasema muulize mtu kwa adabu, je, wewe ni wa kilima au wa mto? Hebu wewe jaribu. Mtu wa kilima anakuwa mkali: "Kwani huoni? Sisi ndio tuliochimba msingi wa jiji hili!" Mtu wa mto anaangalia nyuma yako, anaita watoto waingie ndani, halafu anakujibu, "Sisi wa hapahapa." Wa hapahapa wapi, na babake alishuka juzi tu kuja kufanya kazi kiwanda cha saruji? Nyumba moja nusu saa!

Basi kichwa changu, ambacho walimu walikidharau, kikafanya kazi. Mimi siulizi asili. Nauliza tu, "Mko wangapi humu ndani?" Halafu natazama mkono. Mtu wa kilima akihesabu, anaanza na kidole kidogo. Mtu wa mto anaanza na gumba. Hata awe amezaliwa mtaa huu, hata awe amebadilisha jina na lafudhi, mkono haudanganyi, maana mwenyewe hajui kama unasema. Kinyozi wetu, unamkumbuka, yule anayejidai wa kilima miaka yote? Gumba lilisimama kama mnara!

Chini ya namba ya mlango naweka kistari kwa wa kilima na nukta kwa wa mto. Kesho yake napita na kunakili kwenye madodoso bila kumsumbua mtu. Wenzangu wanafanya nyumba kumi na nane kwa siku. Mimi arobaini.

Bibi anakusalimu. Anashona sare za shule mpaka sindano inapata moto.

Wako,
Mkuu wa Chaki

9 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera kwa kazi. Nimefurahi, na nimewaonyesha wenzangu wa zahanati barua yako, isipokuwa ukurasa wa pili.

Nakuomba jambo moja na usinijibu kwa mzaha. Uliza safu ya saba kama maelekezo yanavyosema, na jibu utakalopewa uandike hilohilo. Mtu akisema ni wa hapahapa, andika wa hapahapa. Habari za vidole achana nazo, na usimwambie yeyote ofisini. Nani alikufundisha kutazama vidole vya watu?

Bibi anaonaje macho? Mwambie nitaleta miwani nikipata likizo. Mwambie pia, kwa maneno haya haya, "Mikono ndani ya kanga." Ataelewa.

Dada yako

15 Agosti

Kwa Dada Mwenye Wivu,

Shikamoo. Barua yako imefika imechelewa kuliko sifa zangu. Eti nisimwambie yeyote! Dada, msimamizi mwenyewe ndiye aliyeniita ofisini. Alitaka kujua imekuwaje karani mmoja amalize mtaa mzima kwa siku nne. Nikamwonyesha. Akainua mkono wake, akahesabu polepole kuanzia kidole kidogo, halafu akacheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho. Akaniambia, "Kijana, wasomi wamehangaika miaka thelathini na jambo hili."

Ukutani kwake kuna karatasi kubwa kama shuka. Amechora mistari miwili. Mmoja ni watu wa kilima, unashuka tangu sensa ya kwanza. Mwingine ni watu wa mto, unapanda. Sensa ya kwanza kila watu kumi wa wilaya hii, mmoja alikuwa wa mto. Ikawa wawili, ikawa watatu na nusu (usiniulize nusu mtu anakaaje). Mistari inasogeleana, na pale itakapokutana amezungushia duara kwa kalamu nyekundu. Nikamwuliza, "Mkubwa, ikikutana inakuwaje?" Akasema, "Haitakutana." Nadhani alikuwa ananieleza hesabu.

Basi nimepandishwa! Sigongi tena milango, nafundisha makarani. Darasani wameketi watu thelathini na wawili, wengine wana digrii, wananiita Mwalimu. Wengine si makarani, ni vijana fulani wenye mabega waliokaa meza za nyuma, msimamizi anasema ni wa kusaidia kazi ya nje. Mmoja wa meza ya tatu ni mzito kweli, nimemrudia mara nne: gumba, mto, kidogo, kilima. Mtaa wetu amepewa karani mwingine amalizie kunakili.

Sasa cheka kidogo. Siku yangu ya mwisho ya kugonga milango nikahesabu nyumbani kwetu. Nikasimama mlangoni na kofia, "Hodi, serikali!" Bibi akasema, "Karibu serikali, vua viatu." Nikamwuliza, "Mama mwenye nyumba, mnaolala humu ni wangapi?" Akaweka sare chini, "Mimi, wewe, na dada yako akija." Unajua alihesabu vipi? Gumba! Nilicheka nikakaa chini. Nikamwambia, "Bibi, leo nimekukamata, wewe ni wa mto!" Nikatoka na chaki nikatia nukta mlangoni kwetu, bonge la nukta, ili na yeye acheke.

Hakucheka. Aliingiza mkono ndani ya kanga akaniambia chai inapoa. Ule ujumbe wako nilimpa. Aliniuliza tu barua iliandikwa tarehe ngapi.

Wako,
Mwalimu wa Wenye Digrii

19 Agosti

Mdogo wangu,

Futa hiyo nukta. Ukimaliza kusoma mstari huu weka barua chini, chukua kitambaa chenye maji, futa, kisha urudi usome.

Umefuta? Katika kazi ya serikali hakuna utani. Ukiulizwa, sema ulikosea. Weka kistari.

Kisha uende ukaombe kuacha kufundisha. Sema unaumwa, sema bibi anaumwa. Nijibu kwa basi la kesho yake, mpe konda mkononi.

Dada yako

25 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa siku nne kwa sababu basi halikwenda. Wanasema barabara ina ukaguzi.

Nukta nimeifuta. Nilifuta siku ileile, nikaweka kistari kirefu mpaka bibi akaniambia naharibu rangi. Lakini nataka nikueleze jambo, na usianze kunipigia kelele. Yule karani mpya alipita mtaa wetu kabla ya barua yako, akanakili milango yote kama alivyoikuta. Nimekwenda ofisini kumwomba dodoso la nyumba yetu, nikasema kuna kosa la kuandika. Akasema madodoso ya mtaa wetu yameondoka. Nikamwuliza yamekwenda wapi, si bado hatujajumlisha? Akasema msimamizi ameyahitaji mitaa yenye nukta nyingi kwanza.

Halafu habari ya kinyozi. Jumatatu nilikwenda kunyoa. Tulikuwa watu watano kwenye benchi, yeye anamnyoa fundi viatu, redio inaimba. Wakaingia vijana watatu. Hawakumtukana mtu. Mmoja akasema kwa upole kabisa, "Ndugu, mpo wateja wangapi leo?" Kinyozi akashika mashine kwa mkono wa kushoto, akainua wa kulia kutuhesabu.

Dada, nilijua swali lile. Ni langu, neno kwa neno, na ule upole ni wangu, niliwafundisha waulize hivyohivyo. Nilitaka kupiga kelele, "Anza na kidogo!" Gumba likasimama.

Wakamwambia afunge duka, kuna fomu ya kusahihisha. Akamwambia fundi viatu, "Nakuja kumalizia upande wa pili." Mpaka leo fundi viatu anatembea na kichwa nusu, amekataa kunyolewa kwingine. Anasema alimwahidi kumsubiri. Mke wa kinyozi anauliza mlango kwa mlango, na watu wanamjibu kupitia dirisha.

Nimeacha kufundisha. Msimamizi hakukasirika. Alinishika bega, "Ulichotupa kinatosha."

Kwa nini bibi ameacha kutoka nje? Kwa nini wewe ulijua?

Mdogo wako

28 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Nakuandikia yale ambayo bibi aliniapisha nisiseme.

Bibi ni wa mto. Amezaliwa huko, na mama yetu alikuwa wa mto. Baba alikuwa wa kilima, ndiyo maana majina yetu hayana shida. Wazazi walipofariki, bibi akatuchukua, akahamia mtaa huo ambao wakati ule ulikuwa wa kilima mtupu, akabadilisha jina, akajifunza kusema kama wao, akajifunza hata kukohoa kama wao. Kilichomshinda ni mkono. Ndiyo maana anahesabu ndani ya kanga, au anahesabu kwa vifungo. Miaka kumi na mitano mtaa mzima haujaona vidole vyake vikihesabu. Wewe ulimwuliza nyumbani kwake, ukiwa mjukuu wake, na kwako hakuona sababu ya kuficha mkono.

Na ile rula. Alikufundisha kuhesabu yeye, kwa gumba, kabla hujajua kuvaa kaptula. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikakuchapa mpaka ukaanza na kidole kidogo. Hukuwa unahesabu vibaya. Ulikuwa unahesabu kama bibi. Kila nilipokuchapa alitoka nje.

Sasa sikiliza. Njooni huku. Huku zahanati hakuna anayetazama vidole, bado. Ndani ya kifurushi hiki kuna bandeji roli mbili. Mfunge mikono yote miwili, vidole vyote pamoja, mpaka kifundoni. Mkiulizwa, ameungua na maji ya moto, unampeleka kwa muuguzi. Wewe ukiambiwa uhesabu, hesabu kama nilivyokufundisha. Utapita. Usibebe mizigo mikubwa, usivae kofia ile.

Dada yako

2 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara tatu, nikakaa na bibi jikoni mpaka sufuria ikakauka maji. Mwishowe akaniambia, "Ulikuwa na mkono mzuri wewe. Ukihesabu, gumba lako lilikuwa linapinda kama la babu yako."

Nimejaribu kumfundisha. Siku mbili. "Bibi, kidole kidogo kwanza." Anasema sawa, anainua mkono, anakaza uso kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, na gumba linatoka lenyewe. Tukacheka hapo, dada, usidhani hatukucheka. Nikamwambia mwanafunzi mzito kama huyu ningemrudisha darasa la kwanza. Akasema, "Na rula unayo?"

Leo nimemfunga bandeji. Akageuza mikono akaitazama, akaniambia, "Wakifungua watakuta ngozi nzima. Weka maji jikoni yachemke." Nikamwuliza ya nini. Akasema, "Ili uongo wako uwe na ushahidi." Aliyasema kama anayeagiza chumvi. Nikaficha kiberiti, nikakataa kabisa. Haki ya Mungu, dada, sikuweza. Wewe muuguzi pengine ungeweza.

Mtaani kwetu milango yenye nukta imebaki na makufuli, mingine haina hata makufuli. Wanaopita wanaangalia chini. Usiku mmoja tu watu wakanunua chaki dukani ikaisha, sasa kila mlango una kistari, hata wa choo. Haisaidii. Wale vijana hawasomi tena milango, wana madodoso.

Barua hii inatangulia na basi la jioni hii, sisi tunapanda la saa mbili asubuhi, kesho. Utusubiri stendi. Mimi nitakuwa wa kwanza kushuka, kwa mbwembwe.

Mdogo wako

4 Septemba

Mdogo wangu,

Naandika kwa anwani ya nyumbani kwa sababu sijui nyingine.

Basi la saa mbili lilifika jana saa tisa mchana. Nilisimama mlangoni nikawahesabu wanaoshuka. Kumi na saba. Nikamwuliza konda, aliondoka na wangapi? Akafunga buti, akajifanya hakusikia. Nikamshika shati. Akasema, "Dada, pale mizani ya malori wanashusha watu. Niachie, nina watoto."

Leo nimesimama tena. Limekuja na tisa.

Kama mlighairi mkabaki nyumbani, niandikie neno moja. Andika tu "tupo".

Dada yako

8 Septemba

Dada,

Tupo.

Mzee anayepima malori amenipa kipande cha penseli, na anasema konda atachukua. Tupo ghala la nyuma ya mizani, yale mabati ya bluu unayoyaona ukipita. Barua yako ya nyumbani sijaiona, nadhani uliandika.

Tuliposhushwa, aliyesimama mlangoni alikuwa yule wa meza ya tatu, yule mzito. Aliponiona akafurahi kweli, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye Mwalimu!" Wakanipisha. Akaniuliza huyu bibi ni nani, nikasema bibi yangu, ameungua. Akamwambia mwenzake, "Fungua taratibu." Wakafungua taratibu. Ngozi nzima, dada, safi kabisa. Bibi hakungoja kuulizwa mara mbili. Wakamwambia hesabu watu wa basi, akainua mkono akahesabu kwa sauti, gumba, na gumba lilikuwa limenyooka. Nadhani alichoka kulificha.

Yule kijana aliona aibu kwa ajili yangu. Akanivuta pembeni, "Mwalimu, pengine walikulea tu. Wewe hesabu mpaka tano, utaratibu tu, upande basi." Basi lilikuwa limewaka, abiria wanatazama mbele. Nikainua mkono. Kidole kidogo kilikuwa tayari, kilijua njia. Nikamwona bibi anageuka kutazama ukutani, kama ulivyosema alikuwa akitoka nje.

Nikaanza na gumba.

Usikasirike. Najua ulinichapa ili nipite hapo.

Tulipoingia humu tulikuwa sitini na mmoja. Kila asubuhi anakuja mtu na karatasi, anasoma namba za nyumba, wanaotajwa wanatoka kwa mlango wa nyuma kwenye lori. Lori linarudi tupu kabla ya saa sita, kwa hiyo haliendi mbali. Karatasi nazifahamu, ni madodoso yetu, na safu ya saba inaonekana hata kwa mbali. Kinyozi hayupo humu. Nimeuliza, hakuna aliyemkuta.

Namba yetu bado haijasomwa. Bibi ameomba sindano, mzee wa mizani amemletea, anamshonea mtoto mmoja kifungo. Anahesabu matundu kwa sauti, mkono nje ya kanga.

Leo asubuhi, baada ya lori kuondoka, watu waliniomba niwahesabu, maana wamesikia mimi ni karani. Tumebaki kumi na tisa. Nimehesabu mara mbili, kama bibi, na sijakosea.

Mdogo wako